Gikomba, ambako mashine kuukuu hazistaafu

UKISHUKA Barabara ya Landhies ukitokea katikati mwa jiji la Nairobi, utaisikia Kamukunji kabla hujaiona. Ni mlio wa nyundo nyingi juu ya bati, kila moja na mdundo wake, na hakuna inayongoja nyingine.

Hapa ndipo yanapoundwa masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, majiko ya makaa, karai na sufuria kubwa za kupikia harusini. Ukivuka Mto Nairobi na kuendelea mbele, mlio wa nyundo hupungua na nafasi yake huchukuliwa na mngurumo wa aina nyingine. Ni misumeno ya umeme, randa za umeme na mashine za kukereza mbao. Hapo umefika Gikomba.

Wengi wetu tunaijua Gikomba kwa mitumba. Tumekwenda kule kutafuta koti la baridi au viatu vya watoto, tukasukumana, tukakanyagwa, tukarudi nyumbani na bahasha tukiwa tumeridhika. Lakini Jumamosi moja asubuhi, mwandishi huyu hakwenda kutafuta nguo.

Nilikuwa na kiondo begani. Ndani yake mlikuwa na keekee ya umeme, au drili kama mafundi wanavyoiita, iliyokuwa imelala chini ya kitanda kwa miaka minane. Ilikuwa mali ya marehemu mjomba wangu.

URITHI WA CHINI YA KITANDA

Mjomba alikuwa seremala. Drili hiyo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, naye akaitumia mpaka siku alipougua. Ni nzito kama mtoto mchanga. Mwili wake wote ni alumini, na mahali pa kushika pamelainika kwa kushikwa miaka mingi. Kwenye lebo bado unaweza kusoma kwamba iliundwa Uingereza na kwamba inatumia volti 240.

Alipofariki, iliwekwa chini ya kitanda pamoja na patasi na randa zake. Hakuna aliyeigusa mpaka mwanawe wa mwisho alipomaliza masomo ya useremala katika chuo cha ufundi mwaka jana.

Kijana ana cheti, ana nguvu na ana nia. Asichokuwa nacho ni vifaa. Mafundi watatu aliowaendea kuomba kazi walimwuliza swali moja: "Una vifaa vyako?" Alipoijaribu drili ya babake, ilitoa cheche, ikatoa harufu ya kuungua, kisha ikanyamaza.

Familia ilipokutana, maoni yaligawanyika. Kaka yake mkubwa alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, na pesa hizo ziongezewe nyingine ili kijana anunuliwe mpya. Mke wa mjomba alisikiliza kwa muda mrefu bila kusema neno. Hatimaye alisema: "Ipelekeni kwanza Nairobi mafundi waitazame. Wakisema imekufa, basi imekufa."

Mimi ndimi niishiye Nairobi. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nikishuka Landhies na kiondo kinachonivuta bega.

CHINI YA JUA

Jina la jua kali halihitaji kufafanuliwa kwa Mkenya. Mafundi hawa walifanya kazi bila paa, na jua likawapa jina. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo iliufanya ulimwengu uanze kuzitazama kazi ndogo ndogo za aina hii kama sehemu ya kweli ya uchumi, wala si uzururaji wa kufukuzwa na askari wa jiji.

Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baada ya ziara hiyo wakaanza kujengewa vibanda. Ukipita leo utaona paa zile za mabati. Hata hivyo, kazi nyingi bado imemwagikia nje, kandokando ya barabara, kwa kuwa mafundi wameongezeka na paa hazikuongezeka.

Nilipokuwa nikipenya katikati ya masanduku, kijana mmoja aliona mpini wa drili ukichungulia kutoka katika kiondo.

"Dada, hiyo unauza?"

Nilimwambia naitafutia fundi. Akaomba aishike. Aliipima kwa mkono mmoja kama mtu anayepima kuku wa kununua.

"Mia moja na hamsini," alisema.

Nikamwuliza angeifanyia nini. Alinijibu bila kuficha kwamba angeivunja kwa nyundo. Alumini ingekwenda upande mmoja, na waya za shaba nyekundu zilizo ndani ya mota zingekwenda upande mwingine. Kazi ya dakika kumi.

Biashara ya vyuma kuukuu ni riziki ya watu wengi, wala si haki kuidharau. Ndiyo pia iliyopigwa marufuku na serikali mnamo Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi nzima kuingia gizani. Ilifunguliwa tena mwezi Mei mwaka huohuo chini ya masharti makali zaidi. Yule kijana hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ananipa bei ya kilo. Lakini nilipoirudisha drili katika kiondo, niliona kiondo kimekuwa chepesi kidogo.

MNGURUMO WA GIKOMBA

Upande wa mbao wa Gikomba una harufu yake. Kuna harufu kali ya saiprasi iliyokatwa leo, harufu ya gundi, na moshi wa msumeno uliokuwa butu ukalazimishwa kufanya kazi. Vumbi la mbao limetanda chini hata ukitembea husikii hatua zako.

Mbele ya kibanda kimoja vijana wawili walikuwa wakikereza miguu ya vitanda. Mashine yao haikutoka kiwandani. Ni mota kuukuu iliyofungwa juu ya fremu ya chuma, mkanda wa mpira na ekseli iliyowahi kuwa ya gari. Kipande cha mraba kinaingia, patasi inagusa, mbao inalia, na baada ya dakika chache mguu wa kitanda unatoka na mafundo yake yote kama ulivyochorwa.

Kibanda cha pili kina randa kubwa ya chuma cha kusubu, iliyochakaa rangi mpaka haijulikani ilikuwa ya kijani au ya kijivu. Mbao mbichi yenye ukungu inaingia upande huu, inatoka upande ule imekuwa nyeupe na laini. Wateja wamepanga foleni na mbao zao mabegani. Kwa mashine hiyo mtu mmoja hulisha nyumba yake, na wenye mbao kumi huokoa siku nzima ya kusukuma randa ya mkono.

Si ajabu basi kwamba hapa mashine haiulizwi umri. Inaulizwa kama inazunguka.

Fundi niliyeelekezwa kwake hana kibao mlangoni. Chema chajiuza, walisema wahenga. Niliuliza mara tatu, na mara zote tatu nilionyeshwa njia moja kwa kidevu. Ameniomba nisimtaje jina. Majirani zake humwita Mzee, na hilo latosha.

"Habari ya kazi, Mzee?"

"Mzuri, mwanangu. Keti hapo, lakini usiegemee hiyo rafu."

Niligeuka kuitazama rafu yenyewe. Juu yake palikuwa na mashine 11, zimepangwa kama vikombe katika kabati la sebuleni. Kulikuwa na drili za ukubwa mbalimbali, msumeno wa duara, randa ya mkononi ya umeme, na grinda moja ambayo kilinda mikono chake kilikuwa kimetengenezwa upya kwa bati la Kamukunji.

"Hizi zote ni za kazi?"

"Tano ni za kazi," alisema. "Hizo nyingine ni za raha yangu."

RAHA YA MZEE

Msomaji huenda akacheka. Raha gani mtu anaipata katika mashine za kale zenye kelele? Nami nilimwuliza hivyohivyo, kwa adabu.

Mzee hakunijibu kwa maneno. Aliteremsha drili moja nyeusi, akaichomeka, akabonyeza swichi. Ilianza polepole, ikapanda, ikatulia katika sauti nzito isiyotetemeka. Akaiacha hivyo kwa dakika moja hivi huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio.

Kila Jumamosi jioni, kazi ikiisha, huziwasha zote 11, moja baada ya nyingine. Anasema mashine inayokaa bila kuzunguka huharibika kuliko inayofanya kazi. "Grisi hulala. Ikilala sana inakuwa sabuni."

Huzijua kwa sauti. Ikilia kwa sauti nyembamba ya juu, beringi zimekauka. Ikikwaruza, meno ya gia yamelika. Ukiona cheche ndogo ndogo mahali pamoja, hilo ni jambo la kawaida. Ukiona cheche zimefanya duara zima la moto, basi amecha, yaani kile kipande cha ndani kinachozunguka, kina ugonjwa, na ni heri uzime mara moja.

Kisha alikibana kipande cha mvule na kukitoboa. Drili za kale nyingi huzunguka polepole kuliko hizi za leo, lakini hazikubali kusimamishwa. Ncha iliingia katika mvule bila haraka, ikitoa utepe wa mbao uliojikunja kama nywele. Mzee aliupuliza, akanionyesha tundu. Kingo zake zilikuwa safi kama za kikombe.

"Hii niliinunua nikiwa kijana, kwa mshahara wa miezi miwili," alisema. "Imesomesha watoto wanne. Sasa nikiwa na hasira ninakuja hapa, ninatoboa mbao moja isiyo na kazi, hasira inakwisha."

Raha nyingine, alieleza, ni kwamba inafunguka. Skurubu nne, na siri yote iko mezani. Kila kipande unakiona, unakijua kazi yake, na kikiisha unaweza kukitafuta au kukichonga. Drili nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo ukizifungua hazirudi kama zilivyokuwa. Na zile za betri, betri ikifa na modeli yake ikiwa imekwisha kuondolewa madukani, umebaki na mpini tu.

Hata hivyo, Mzee si mtu wa kusifu ya kale kwa upofu. Yeye mwenyewe ana drili ya betri ambayo huibeba akipanda juu ya paa mahali ambapo stima haijafika. Anakiri kwamba ni nyepesi na haina waya wa kumkwaza. "Kila chombo na siku yake," alisema.

KUTOKA STUTTGART MPAKA HAPA

Aliipokea drili ya mjomba kwa mikono miwili. Aliigeuzageuza, akasoma lebo, akashika mpini na kuielekeza ukutani kama bastola.

Kumbe mfano huo si wake peke yake. Kampuni ya Fein ya mjini Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza keekee ya umeme ya kubebwa mkononi mwaka 1895, lakini kuishika kulihitaji mikono miwili na kifua kigumu. Mwaka 1910 Duncan Black na Alonzo Decker walifungua karakana mjini Baltimore, Marekani. Ndio waliounda drili yenye mpini kama wa bastola na swichi ya kubonyeza kwa kidole, na hati ya kulinda uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1917. Karibu kila drili tuionayo leo ni mjukuu wa hiyo.

Hata kile kichwa cha mbele kinachoshika ncha ya kutobolea kina kisa chake. Mmarekani Arthur Jacobs alijichubua vidole akihangaika na kichwa cha mtindo wa zamani. Maumivu hayo yakamfanya aunde, mwaka 1902, kichwa kinachokazwa kwa ufunguo wenye meno. Ufunguo wa namna hiyo ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye waya wa drili ya mjomba, kwa fundo ambalo nilimjua aliyelifunga.

Na Makita, jina ambalo kila seremala wa Gikomba analijua, ilianza Nagoya, Japani, mwaka 1915 kama biashara ya kuuza na kukarabati mota. Randa yake ya mkononi ya umeme ilitoka mwaka 1958. Nilipomweleza Mzee kwamba wenye jina hilo kubwa walianza kama yeye, kwa kutengeneza mota za watu wengine, alicheka mpaka akafuta macho.

"Basi mimi nimechelewa kidogo tu!"

SKURUBU NNE

Alifungua. Ndani mlitoka harufu ya zamani, ya mafuta na vumbi la mbao alizotoboa mjomba tukiwa bado watoto.

Ugonjwa wa kwanza ulionekana mara moja. Kila mota ya namna hii ina kaboni mbili, vipande vidogo vya makaa vinavyosukumwa na springi mpaka viguse amecha inayozunguka. Umeme hupita hapo kuingia ndani. Kwa kuwa vinasuguana, vinalika, kama chaki ubaoni. Za mjomba zilikuwa zimelika hata springi ilikaribia kugusa shaba. Hiyo ndiyo iliyoleta cheche.

Ugonjwa wa pili ulikuwa grisi. Ilikuwa imekuwa sabuni, kama alivyosema.

Alizitoa kaboni, akatafuta nyingine katika kopo la maziwa lililojaa kaboni za kila aina. Hakupata zilizolingana. Akachukua kubwa zaidi, akaanza kuzisugua kwa msasa, upande mmoja kisha mwingine, akijaribu na kusugua tena, mpaka zikateleza katika nafasi yake bila kukwama na bila kulegea. Kazi hiyo ilimchukua karibu nusu saa.

Amecha aliipangusa, akaisugua kwa msasa laini kabisa, kisha kwa ncha ya sindano akatoa uchafu uliojaa katika mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba. Alioosha gia kwa mafuta taa, akazipaka grisi mpya. Nilidhani kazi imekwisha.

Hapo ndipo alipofika kwenye waya, akanyamaza.

"Nani alibadilisha waya huu?"

Sikujua. Pengine mjomba mwenyewe, pengine fundi mwingine. Mzee alinivuta karibu, akaniwashia tochi. Waya uliokuwa umefungwa ulikuwa wa nyuzi mbili tu, kama wa taa ya mezani. Na pembeni, chini ya skurubu moja iliyoshikana na mwili wa drili, palikuwa na kipande kifupi cha waya wa kijani kilichokatwa.

"Huu ulikuwa waya wa ardhi," alisema. "Mashine hii ni chuma kitupu. Waya wa ndani ukikatika ukagusa mwili, stima yote inakuja mkononi. Waya wa ardhi ndio unaoipeleka chini na kukata fyuzi. Mjomba wako amefanya kazi miaka mingapi bila huo?"

Sikuweza kumjibu. Nilimkumbuka mjomba akitoboa fremu za milango katika nyumba isiyokwisha, amesimama miguu mitupu juu ya udongo uliolowa mvua.

"Alikuwa na bahati," Mzee alisema. "Bahati hairithiwi."

Alikataa katakata kunirudishia drili ile mpaka ipate waya wa nyuzi tatu. Nilikwenda mwenyewe kuununua dukani, mita nne, pamoja na plagi mpya ya fyuzi. Alipomaliza kufunga alichukua mita, akaweka mguu mmoja wa mita kwenye pini ya ardhi ya plagi na mwingine kwenye alumini tupu. Sindano ililala upande wa pili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kipande kile cha kijani kilimweleza pia umri. Waya za mashine za Kiingereza za zamani zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 rangi hizo zilikuwa zimebadilishwa kuwa kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya manjano. "Hii ilizaliwa kabla yako, mwanangu," alisema. "Iamkie."

UKITAKA KUNUNUA

Kwa msomaji anayetamani mashine kuukuu, Mzee alinipa mashauri ambayo nimeona ni vema niyaandike.

Kwanza, soma lebo. Umeme wetu ni wa volti 240. Mashine za Marekani ni za volti 120 na za Japani ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani hapa kwetu, itapiga kelele kubwa, itatoa moshi, na pesa zako zimekwenda. Mashine nyingi kutoka mijengo ya Uingereza nazo ni za volti 110, na utazitambua kwa plagi yao ya manjano ya mviringo. Hizo zinahitaji transfoma. Muuzaji akikuambia "kata plagi tu uweke nyingine", mshukuru uende zako.

Pili, jihadhari na rangi za waya. Katika mashine ya Kiingereza ya zamani, waya mweusi si ule wenye moto. Katika mashine ya Marekani, mweusi ndio wenye moto. Asiyejua asibahatishe.

Tatu, kama mwili wa mashine ni wa chuma, hakikisha ina waya wa ardhi. Zile zisizohitaji waya huo zina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Usipoiona alama hiyo, na waya ni wa nyuzi mbili, usiiwashe.

Nne, izungushe kwa mkono kabla ya kuichomeka. Ikizunguka vizuri na haichezi huku na huku, beringi ni nzima. Kaboni ni kitu kidogo na rahisi. Amecha iliyoungua ni lazima isukwe waya upya, na gharama yake inaweza kupita bei ya mashine.

Na tano, usivae shati la mikono mipana, wala usiondoe kilinda mikono. Kwa shauri hili Mzee hakuongeza neno. Aliinua mkono wake wa kushoto, nami nikahesabu vidole vinne.

USIKU WA MOTO

Nilimwuliza kama mashine hizo 11 hulala pale kibandani. Akasema hapana. Kila jioni zile tano za kazi huingia ndani ya sanduku la chuma na kusukumwa kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Zile za raha huja naye Jumamosi tu.

Desturi hiyo ina chanzo chake. Usiku wa kuamkia asubuhi ya Juni 28, 2018, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Gikomba na watu 15 wakafariki. Haukuwa moto wa kwanza katika soko hilo, wala haukuwa wa mwisho. Mbao, vumbi na waya za umeme zilizounganishwa ovyo ni majirani wabaya. Mzee anawajua mafundi waliofika asubuhi wakakuta majivu, na katika majivu yale mashine zao zimeyeyuka.

"Mtu akipoteza mbao atanunua mbao," alisema. "Akipoteza mashine alizokusanya miaka thelathini, huyo amerudi kuwa kibarua."

Ndipo nilipoelewa kwa nini swali la "Una vifaa vyako?" huulizwa kabla ya swali la cheti. Kifaa ndicho kinachomtenga fundi na kibarua. Drili ya shilingi 150 kwa mwenye mizani yaweza kuwa mlango wa kazi kwa mwenye kuijua.

SAUTI YA NYUMBANI

Mzee aliiwasha bila kuipa kazi, akaiacha izunguke ili kaboni mpya zipate umbo la amecha. Mwanzoni ilikohoa. Cheche zikaruka, zikapungua, na kisha ikashika sauti yake. Mafundi wa vibanda vya jirani waligeuza vichwa. Mmoja aliuliza kama inauzwa, na safari hii bei aliyoitaja haikuwa ya kilo.

Nilimlipa Mzee alichotaka, kiasi ambacho hakikufika hata robo ya bei ya drili mpya iliyo madhubuti. Alinikabidhi pia zile kaboni zilizolika, zimefungwa katika karatasi, ili kijana ajue kipimo chake siku ya kutafuta nyingine.

Jumapili iliyofuata niliipeleka nyumbani kwa mjomba. Binamu yangu aliichomeka uani, akapanga ubao juu ya mawe mawili, akavaa miwani ya kukinga macho niliyomnunulia. Nilimweleza habari ya waya wa kijani, naye akaniahidi kwamba hatakata pini wala waya.

Alipobonyeza swichi, mke wa mjomba alitoka jikoni na unga mikononi. Alisimama mlangoni akisikiliza, bila kusogea.

"Amerudi na kelele zake," alisema, akarudi kusonga ugali.

Tangu hapo kijana amepata kazi kwa fundi mmoja wa mjini, na huenda nayo kila asubuhi katika mfuko wa turubai. Kila Jumamosi jioni huifungua, huipuliza vumbi na kutazama kaboni zake. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakuwa wameona drili, lakini mbacha nao una masharti yake. Kitunze kidumu.